Diploma na Watoto Wawili, Kutoka Ng'ambo ya Likoni

Kila mwanamke mwenye mtoto mdogo anayeniuliza kama inawezekana kurudi kusoma huniuliza habari za saa. Ulikuwa ukilala saa ngapi? Ukiamka saa ngapi? Mimi humrudishia swali jingine: Jumanne saa nne asubuhi mtoto atakuwa mikononi mwa nani, na huyo mtu mmepatana nini? Asiyekuwa na jibu la hilo, hata aamke na jogoo wa kwanza, chuo kitamshinda kabla ya majaribio ya muhula wa kwanza.

Mimi nimesoma diploma ya ununuzi na ugavi kwenye chuo kimoja cha ufundi kisiwani Mombasa, nikikaa Likoni, ng'ambo ya feri. Nilipoanza, binti yangu alikuwa na miaka minne na mdogo wake alikuwa bado ananyonya. Baba yao ni dereva wa lori la masafa marefu. Akishapakia kontena kuelekea Malaba, mpakani na Uganda, yeye kwetu ni sauti ya simu na ujumbe wa M-Pesa mpaka arudi.

Nianze na pesa, maana ndiyo inayofichwa sana. Cheti changu cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kilikuwa kimelala sandukuni miaka mingi. Mtaani kwetu watu wanaamini KUCCPS, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, ni ya vijana waliomaliza fomu foo mwaka jana tu, ilhali kwa vyuo vya ufundi hupokea hata waliomaliza zamani. Mimi mwenyewe niliambiwa na mama mmoja tuliyekaa naye foleni ya kliniki. Niliingia 2021. Karo ya mwaka ilikuwa shilingi 56,420, serikali ikilipa 30,000 na mimi 26,420. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu, wa vyuo vya ufundi ulifika 40,000: zile 26,420 zikienda chuoni moja kwa moja, na 13,580 zilizobaki zikija kwako. Mfumo wa ufadhili ulibadilika 2023, kwa hivyo hesabu yangu usiichukue ilivyo. Kilichobaki vilevile ni kwamba karo ni nusu tu ya maneno. Nusu ya pili ni pesa ya kukufikisha darasani: mama mlezi (anayeshinda na watoto wa wenzake nyumbani kwake kwa malipo), nepi, matatu kutoka feri, kupiga chapa na kutoa kopi, ada ya mtihani wa KNEC (baraza la mitihani la taifa), na chakula cha mchana ambacho mtu anayenyonyesha hawezi kukiruka. Mama mlezi peke yake alikuwa shilingi 150 kwa siku. Ile 13,580 haikumaliza muhula, na sikuwahi kupanga kana kwamba ingemaliza. Nilikaa na mume wangu kabla sijajaza fomu, tukakubaliana kwamba pesa ya mama mlezi ni kama kodi ya nyumba, inatoka kwanza, hata kama safari ya mwezi huo imelala bandarini. Bila hilo nisingeanza.

Sasa watu.

Binti alikuwa PP1, chekechea ya kaunti, karibu na nyumbani. Asubuhi hakuna shida. Shida ilianza saa sita, wanapotoka. Mimi darasa lilinitoa saa kumi, na kwa feri ya jioni naweza kufika saa kumi na mbili. Kati ya saa sita na saa kumi na mbili mtoto wa miaka minne anafanya vitu vingi. Kila mtu, nami nikiwemo, alichukulia kwamba mavyaa atamchukua. Anakaa kichochoro cha pili, ni bibi yao, na kwetu mjukuu haombewi ruhusa.

Mavyaa hakukataa. Alimchukua, akamlisha, akamwogesha. Lakini baada ya wiki chache akaanza kunijibu kwa neno moja moja. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," naitikiwa "marahaba" kavu, halafu anaendelea kukuna nazi. Nikamwambia mume wangu, naye akapiga simu kutoka njiani, tukaweka spika, tukakaa watatu. Ndipo mavyaa alipolitoa:

"Mwanangu, wajukuu sikuwakataa. Nilichokataa ni kufanywa kama mtu asiye na shughuli zake."

Kumbe alikuwa na haki tupu. Yule mama huamka saa tisa usiku kukanda mahamri, anauza na mbaazi mpaka saa tatu, kisha anakwenda kununua vitu vya kesho. Saa sita ndiyo saa yake ya kulaza mgongo, nasi tumempelekea mtoto bila hata kumuuliza. Siku hiyo tulipatana kwa maneno yaliyonyooka: Jumatatu mpaka Alhamisi atamchukua shuleni na kukaa naye mpaka nirudi. Ijumaa hapana, ana darsa lake na mambo yake. Nami nikisema nitachelewa, nipige simu kabla ya saa kumi, si saa moja niko ndani ya feri. Kumlipa pesa mkononi ingekuwa matusi, na mwenyewe asingepokea. Nilichofanya ni kumletea unga wa ngano na mafuta ya biashara yake kila wiki. Hilo alilipokea kwa moyo mweupe, kwa sababu ni kumsaidia mtu kazi, si kumwajiri. Mwenye mavyaa wa aina nyingine atajua mwenyewe kinachomfaa, lakini lisemwe. Kimya cha mtu mzima wa pwani kina bei, na anayekuja kuilipa ni mtoto.

Yule mdogo hakuweza kukaa kwa bibi asubuhi, palipo na karai la mafuta ya moto na wateja. Alikwenda kwa mama mlezi. Wa kwanza nilimwacha haraka. Mtoto nikimchukua alikuwa mzito kwa usingizi, ananyonya kidogo na kulala tena, na usiku anakesha. Baadaye nikasikia kutoka kwa wazazi wenzangu kwamba pale watoto walikuwa wakinyweshwa dawa ya mafua ili watulie. Sikugombana, nilibeba mkoba wa mtoto nikaondoka. Sasa nikimshauri mtu hivi ndivyo ninavyosema: usiende kumkagua mama mlezi asubuhi, asubuhi kila nyumba ni safi. Nenda saa saba mchana bila taarifa. Tazama wako wangapi, wanalala juu ya nini, maji ya kunywa yako wapi, na uliza swali moja: yeye akienda msalani au dukani, anabaki nani? Yule wa pili alinijibu bila kufikiri, "Anabaki binti yangu, na kama hayuko, siendi." Nikakaa naye mpaka mwanangu alipoanza PP1.

Kunyonyesha kulinichosha kuliko masomo yote. Nilitaka mtoto anyonye, basi nikajifunza kukamua. Maziwa ya mama yanahesabiwa kukaa salama saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Mombasa ya Februari, kaskazi inavuma na jua limewaka, chumba chetu hakijui nyuzi 25 ni nini. Nilinunua kikasha kidogo cha kuhifadhi baridi, jirani mwenye friji akanigandishia chupa za maji, na asubuhi mtoto anakwenda kwa mama mlezi na maziwa yake yamezungukwa na barafu. Alinyweshwa kwa kikombe, si kwa chupa ya chuchu, kama walivyonifundisha kliniki. Kikombe huoshwa kwa urahisi na tumbo likatulia.

Chuoni hapakuwa na mahali. Msalani siwezi, sitayarishi chakula cha mtu msalani. Nilimwendea mama wa maktaba, nikamweleza bila kuzungukazunguka, akanipa ufunguo wa kichumba cha magazeti ya zamani kila mapumziko ya mchana. Miaka yote ile sikusikia mwanafunzi mwingine akiomba, ilhali nilijua tulikuwa wengi. Mara nyingi mtu mwenye ufunguo yuko, ila hajaulizwa.

Kuna kitabu cha kliniki cha mama na mtoto na kuna ratiba ya chuo. Vikae pamoja. Mwanzo wa kila muhula nilikuwa nafungua vyote viwili mezani na kuandika tarehe kwenye kalenda moja ya ukutani, ile ya duka la vipuri aliyoleta mume wangu. Chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa ilitaka kuangukia wiki ya majaribio. Kwa kuwa nililiona mapema, nikampeleka mtoto Jumatatu asubuhi na jaribio nikafanya Jumatano. Ningeligundua siku yenyewe, ningekosa kimoja. Ile ya miezi kumi na minane niliijua mwaka mzima kabla.

Kwa walimu, nilichojifunza ni kuandika. Chuo kilitaka mahudhurio ya asilimia 75 ndipo uruhusiwe kufanya mtihani, na mtoto wa chini ya miaka miwili kwa homa na kuharisha anaweza kukumalizia hiyo 25 iliyobaki kabla muhula haujafika katikati. Wiki ya kwanza ya kila muhula nilimwona kila mwalimu, nikamwambia nina mtoto anayenyonya, kisha nikamtumia ujumbe mfupi wenye maneno yaleyale ili yabaki. Nilipokosa darasa nilituma ujumbe siku hiyohiyo, si wiki ya pili, na karatasi ya daktari nikaipeleka. Wengi walikuwa waungwana. Mmoja aliniambia darasani mbele ya vijana kwamba kulea na kusoma haviendi pamoja, nichague. Niliumia, nikalia nikiwa kwenye feri, miwani ya jua usoni saa kumi na moja jioni. Lakini ujumbe wangu ulikuwa kwenye simu yake, na hesabu ya mahudhurio ilipofanywa, niliuonyesha.

Watu wakisikia feri hudhani nilikuwa nasomea humo. Asubuhi ukivuka kutoka Likoni umesimama kifua kwa mgongo na wenzako, mtoto wa mtu amekukanyaga, kitabu utakifungulia wapi? Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, na mpita kwa miguu halipi kitu. Kinachokula muda ni kungoja. Basi nikawa najirekodi nikisoma muhtasari kwa sauti, kisha asubuhi naweka kisikizi sikio moja, sikio la pili namsikilizia mwenye mkokoteni. Sauti yangu mwenyewe ikinisomea hatua za zabuni ilinichekesha mwanzoni, ila mambo yaliingia. Jioni, ukiweza kutoka kisiwani kabla ya saa kumi na moja, toka. Ukishindwa, heri ubaki maktaba mpaka saa moja ipite kuliko kusimama kwenye ule umati na matiti yamejaa. Siku za kubaki ndizo nilizokuwa nampigia mavyaa kabla ya saa kumi.

Nyumbani sikusoma usiku. Nilijaribu, macho yalikataa. Nilichokipata bila kukitafuta kilikuwa Ramadhani ya 2022. Tulikula daku, watoto wamelala, mtaa uko macho lakini hauna kelele, nikaona badala ya kurudi kulala nifungue vitabu mpaka adhana ya alfajiri, na baada ya swala niendelee kidogo. Mwezi ule nilifanya kazi ya muhula mzima. Ramadhani ilipokwisha nikaendelea na saa ileile bila daku, nikilala mapema na watoto saa tatu usiku. Vyombo vya jioni vililala vichafu. Aliyekuja akaviona, akaviona.

Na somo lenyewe lilikuwa nyumbani. Kiwango cha kuagiza upya bidhaa nilikielewa kwa nepi: ngapi zinatumika kwa siku, duka la bei nafuu liko mbali kiasi gani, na zikibaki ngapi ndiyo lazima uende ili usijikute Jumapili usiku huna. Kwenye mtihani niliandika mfano wa ghala la saruji, lakini hesabu nilizijua kwa nepi.

Kazi za vikundi zilikuwa kero. Wenzangu walikuwa na miaka kumi na tisa, ishirini, wanapenda kukutana saa moja usiku Mwembe Tayari na viazi karai. Niliwaambia mapema: mimi usiku sipo, lakini kuchapa, kupanga na kuwasilisha mbele ya darasa nitabeba mimi. Vijana hawapendi kuwasilisha. Tukawa tunakutana saa saba mchana chuoni.

Maneno ya mtaa yalikuwepo. "Ameacha wana anafuata karatasi." Yalinifikia kwa njia zake, kama yanavyofika. Yaliyoniuma zaidi hayakutoka kwa watu wazima. Mwanangu alianza kumwita mama mlezi "mama", na mimi akaniita kwa jina langu kwa sababu ndivyo alivyosikia wengine wakiniita. Sikuwa na la kufanya ila kukasirika kimyakimya kwa siku kadhaa, nikimwonea wivu mwanamke niliyemlipa amlee mtoto vizuri. Mavyaa ndiye aliyeniambia, akikanda unga wake bila kuniangalia: "Akiwa na mama wawili, shukuru. Wengine hawana hata mmoja anayewatazama mchana." Baadaye mtoto aliacha mwenyewe. Nimeliandika kwa sababu hakuna aliyenionya kwamba lingekuja, na lilipokuja nilikaribia kuacha chuo.

Kuacha sikuacha, ila nilisimama. Mitihani yetu ya KNEC ilikuwa ikija Julai na Novemba, na usajili ukifanywa miezi kabla. Mwaka wa pili, usajili wa Novemba ulipofika, watoto wote wawili walikuwa wametoka kwenye malaria, mume wangu alikuwa na lori bovu njiani, nami sehemu mbili za somo la hesabu za biashara sikuwa nimezigusa. Nikaamua kutojisajili, nikangoja Julai. Wenzangu walisema nimebaki nyuma, na kweli nilibaki nyuma. Lakini kwa mtu mwenye watoto wadogo, ada ya mtihani ni pesa ya nepi za miezi, na kufeli karatasi ni kulipa tena na kungoja tena. Nilikwenda ofisi ya masomo, nikaandika barua ya kusogeza mtihani, nikaweka kopi yenye muhuri. Kopi hiyo ilinisaidia mwaka wa mwisho, rekodi zilipoonyesha kana kwamba nilitoroka. Ukiamua kusimama, simama kwa barua.

Mafunzo kazini nilifanya kwenye ghala moja la makontena upande wa Changamwe. Hapo ratiba yangu yote ilivunjika: saa mbili kamili uwe getini, na kutoka ni saa kumi na moja, hakuna mwalimu wa kuongea naye. Nilikaa tena na mavyaa na mama mlezi wiki tatu kabla, nikaongeza malipo ya saa za ziada, na mume wangu akaomba safari fupi za Nairobi badala ya Malaba kwa miezi hiyo, ingawa zinalipa kidogo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea. Mwanangu alikuwa ameshaacha kunyonya wakati huo, lakini niliwauliza kwa ajili ya binti mmoja aliyekuja nami, ana mtoto wa miezi mitano. Msimamizi alishangaa, akasema hajawahi kuulizwa. Tulipewa ofisi ya karani wa zamu ya usiku, mchana haina mtu.

Nilimaliza, na ghala lileile likaniita baadaye kwa kazi ya stoo ya mkataba. Mshahara si wa kujitangazia.

La mwisho ni mkopo, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapojificha. HELB wanahesabu mwaka mmoja baada ya kumaliza, kisha unatakiwa kuanza kulipa, kwa riba ya asilimia 4, na asiyelipa huongezewa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Ukiwa na watoto wawili na mkataba wa stoo, faini ya mwezi mmoja ni karo ya madrasa na viatu vya shule. Nilikwenda kwenye dawati lao pale Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kabla ule mwaka haujaisha, nikiwa na kitambulisho na karatasi ya mkataba, tukapanga kiasi ninachokiweza. Rafiki yangu ambaye bado hajapata kazi nilimwambia aende vilevile, akaeleze hali yake, naye akaondoka pale na karatasi yenye tarehe.